Namba ya Kontena la Ngamiani: Jinsi ya Kuipasua Namba Kubwa kwa Kalamu na Karatasi

Ngamiani, hapa Tanga, mitaa inaitwa kwa namba. Mtu akikuuliza unakaa wapi unamjibu "Barabara ya Nane," na mazungumzo yanaendelea. Labda ndiyo maana mpwa wangu wa darasa la sita hakuona ajabu kusimama mbele ya kontena lililogeuzwa duka, akaanza kusoma namba iliyo ubavuni badala ya kununua sukari aliyotumwa. Herufi nne za mwanzo zimeliwa na kutu, maana upepo wa bahari hauna huruma na chuma. Tarakimu saba zimebaki: 419983, kisha 2 peke yake ndani ya kisanduku.

"Mjomba, namba kubwa hivi ina nini ndani?"

Mtu wa falaki angeipiga kwa abjadi akakueleza nyota ya mwenye duka. Mimi nilimwambia alete daftari. Yafuatayo ndiyo tuliyoyafanya, kwa mpangilio ambao ningependa na wewe uufuate kwa namba yoyote nzima utakayokutana nayo, iwe ya risiti, ya tiketi au ya mita. Unahitaji kalamu, ukurasa mmoja na jedwali la kuzidisha kichwani. Kikokotoo cha simu kiache mfukoni kwanza. Utakitoa mwishoni kuhakiki.

Hatua ya 1: Ipime ukubwa kabla ya kuigusa

Iandike kwa mafungu ya tarakimu tatu tatu kutoka kulia: 4,199,832. Sasa tafuta kipeuo chake cha pili kwa kukisia. 2,000 × 2,000 ni milioni nne kamili, kwa hiyo tuko juu kidogo. 2,050 × 2,050 ni 4,202,500, tumepitiliza. 2,049 × 2,049 ni 4,198,401, bado hatujafika. Basi kipeuo kiko kati ya 2,049 na 2,050, na namba yetu si mraba kamili.

Watu wengi huiruka hatua hii, nami naona ndiyo inayoondoa hofu. Vigawo vya namba huja wawili wawili: kimoja kikiwa kikubwa, mwenzake ni mdogo. Haiwezekani vyote viwili vizidi 2,049, kwa sababu vikizidishana vitaipita namba yenyewe. Kwa hiyo hutafuti kitu ndani ya milioni nne. Unatafuta ndani ya elfu mbili. Na kila ukipata kigawo ukagawanya, uwanja unazidi kufinyika.

Hatua ya 2: Toa mbili zote

Tarakimu ya mwisho ni 2, kwa hiyo namba ni shufwa. Usigawanye bado. Tazama mbili za mwisho, 32: inagawanyika kwa 4, basi namba nzima inagawanyika kwa 4, maana mia yoyote inagawanyika kwa 4. Tazama tatu za mwisho, 832: ni 8 × 104, na elfu yoyote inagawanyika kwa 8. Basi namba nzima inagawanyika kwa 8.

Hapa mpwa wangu aliteleza. Alipoona 104 ni shufwa akasema, "Kumbe hata kwa 16!" Sivyo. Elfu moja haigawanyiki kwa 16, kwa hiyo tarakimu tatu hazitoshi; lazima utazame nne za mwisho, 9,832. Gawanya kwa 16 upate 614 na baki 8. Tunaishia kwenye 8.

4,199,832 ÷ 8 = 524,979. Hii ni witiri, mbili zimekwisha.

Hatua ya 3: Jumlisha tarakimu

5 + 2 + 4 + 9 + 7 + 9 = 36. Jumla inagawanyika kwa 9, basi namba inagawanyika kwa 9. Sababu yake ni nyepesi: 10 ukiigawa kwa 9 inabaki 1, 100 inabaki 1, 1,000 inabaki 1, na kuendelea. Kwa hiyo kila tarakimu, popote ilipo, inaacha baki sawa na yenyewe.

524,979 ÷ 9 = 58,331. Jumla ya tarakimu za hiyo ni 20, haigawanyiki kwa 3, basi tatu nazo zimekwisha. Tano haipo, kwa sababu namba haiishii kwa 0 wala 5.

Hatua ya 4: Saba, kumi na moja na kumi na tatu kwa mpigo mmoja

Shuleni tulifundishwa kanuni ya 3 na ya 9, halafu tukaachwa tupambane na 7 wenyewe. Ipo njia, na siri yake ni namba moja: 1,001 = 7 × 11 × 13.

Kwa kuwa 1,000 imepungukiwa moja tu kuifikia 1,001, kila elfu unaweza kuihesabu kama kutoa moja. Chukua 58,331. Fungu la kulia ni 331, la kushoto ni 58. Toa: 331 − 58 = 273. Kama 273 inagawanyika kwa 7, 11 au 13, namba nzima nayo inagawanyika. 273 ni 7 × 39. Ni 13 × 21. Kwa 11 inabaki 9. Kwa hiyo 7 ndiyo, 13 ndiyo, 11 hapana.

Angalizo: 273 inagawanyika kwa 3 pia, lakini hilo halikuambii lolote kuhusu 58,331. Mbinu hii inasema kweli juu ya 7, 11 na 13 peke yake. Namba yenye mafungu matatu au zaidi, unatoa na kujumlisha kwa zamu kuanzia kulia.

58,331 ÷ 7 = 8,333.
8,333 ÷ 13 = 641.

Hatua ya 5: Je, 641 ni tasa?

Turudi kwenye hoja ya kipeuo. 25 × 25 ni 625, na 26 × 26 ni 676. Kwa hiyo tunajaribu namba tasa zisizozidi 25 tu, na 2, 3 na 5 tunaziona kwa macho kwamba hazimo. Zilizobaki:

7 × 91 = 637, baki 4.
11 × 58 = 638, baki 3.
13 × 49 = 637, baki 4.
17 × 37 = 629, baki 12.
19 × 33 = 627, baki 14.
23 × 27 = 621, baki 20.

Hakuna iliyoingia. 641 ni tasa, na kazi ya kupasua imekwisha:

4,199,832 = 2 × 2 × 2 × 3 × 3 × 7 × 13 × 641

Mpangilio wa vigawo unaweza kuubadili upendavyo, lakini hakuna seti nyingine ya namba tasa itakayokupa zao hili hili.

Nisimame kidogo kwa 641, kwa sababu si namba ya kupita hivi hivi. Katika karne ya 17 Mfaransa Pierre de Fermat aliamini kwamba ukiizidisha 2 kwa yenyewe hadi kupata mbili 32, kisha ukaongeza 1, utapata namba tasa. Namba hiyo ni 4,294,967,297. Mwaka 1732 Leonhard Euler, Mswisi aliyekuwa akifanya kazi Urusi, alionyesha kwamba ni 641 × 6,700,417. Sasa fikiria: 641 ni namba tasa ya 116. Ukijaribu moja moja utagawanya mara 116 namba yenye tarakimu kumi. Lakini Euler aligundua kwamba kigawo tasa chochote cha namba ile lazima kiache baki 1 ukikigawa kwa 64.

Wacheza bao wameshatabasamu. Bao la Kiswahili lina mashimo 32 na kete 64. Kanuni ya Euler kwa lugha ya barazani ni hii: kigawo ni mabao kamili kadhaa, na kete moja inabaki mkononi. 65 na 129 si tasa. 193 ni tasa, jaribu. 257, jaribu. 321 na 385 si tasa. 449, jaribu. 513 si tasa. 577, jaribu. 641: mabao kumi na kete moja, na inaingia. Majaribio matano badala ya 116.

Hatua ya 6: Hakiki kwa kutupa tisa

Kabla ya kuendelea, hakikisha hukukosea kuzidisha. Kila namba ibadilishe kwa jumla ya tarakimu zake hadi ibaki tarakimu moja. Kwa 7 × 13 × 641 = 58,331: 7 inabaki 7; 13 inakuwa 4; 641 inakuwa 11, kisha 2. Zidisha: 7 × 4 × 2 = 56, inakuwa 11, kisha 2. Upande wa pili, 58,331 inakuwa 20, kisha 2. Zimekubaliana.

Ila ujue udhaifu wake. Ukiwa umeandika 58,313 kwa bahati mbaya, jumla ya tarakimu ni ile ile 20 na ukaguzi utapita. Kutupa tisa hakuoni tarakimu zilizobadilishana nafasi. Tutarudi hapa, kwa sababu waliobuni namba za makontena walilifikiria jambo hili.

Hatua ya 7: Vuna

Ukishapata vigawo tasa, mambo mengine yanatoka karibu bure.

Vigawo viko vingapi? Kila kigawo unakitengeneza kwa kuchagua. Mbili unaweza kuiacha, au kuichukua mara moja, mbili au tatu: njia 4. Tatu ina njia 3. Saba, kumi na tatu na 641 kila moja ina njia 2, kuichukua au kuiacha. 4 × 3 × 2 × 2 × 2 = 96. Namba yetu ina vigawo 96, yaani jozi 48. Jozi iliyo karibu zaidi na kipeuo ni 1,923 × 2,184. Kwa hiyo ungekuwa na vigae 4,199,832 na kutaka kuvipanga kwa mstatili unaokaribia mraba, ungepanga safu 1,923 zenye vigae 2,184 kila moja, bila kubaki hata kimoja.

Jumla ya vigawo vyote unaipata kwa mabano, moja kwa kila namba tasa:

(1 + 2 + 4 + 8) × (1 + 3 + 9) × (1 + 7) × (1 + 13) × (1 + 641)
= 15 × 13 × 8 × 14 × 642
= 14,021,280

Ondoa namba yenyewe: 9,821,448. Vigawo vyake vidogo vikijumlishwa vinaizidi namba yenyewe zaidi ya mara mbili. Wagiriki wa kale waligawa namba kwa makundi matatu kwa kipimo hiki: pungufu, kamilifu na za ziada. Kamilifu ni adimu, 6, 28, 496, 8,128, kisha unaruka hadi mamilioni. Yetu ni ya ziada. Kusema kweli tungelijua hilo mapema bila jasho: namba yoyote inayogawanyika kwa 6, ikiwa ni kubwa kuliko 6, ni ya ziada. Nusu yake, theluthi yake na sudusi yake zinajumlika kuwa namba yenyewe, halafu kuna 1 juu yake.

Harshad, je? Jina hili ni la Kisanskriti, lina maana ya kuleta furaha, na lilitolewa na D. R. Kaprekar, mwalimu wa shule nchini India, kwa namba zinazogawanyika kwa jumla ya tarakimu zao. Tarakimu za 4,199,832 zinajumlika 36, na 4,199,832 ÷ 36 = 116,662 kamili. Ni Harshad. Mpwa wangu alilipenda neno hili kuliko yote.

Je, inaweza kuwa jumla ya miraba miwili? Tazama namba tasa zake zinazoacha 3 zikigawanywa kwa 4: ni 3 na 7. Kila moja inatakiwa itokee mara shufwa. Tatu imetokea mara mbili, sawa. Saba imetokea mara moja tu, imeharibu. Haiwezekani, usipoteze wino. 641 peke yake inaweza: 625 + 16, yaani 25 × 25 + 4 × 4.

Namba ngapi zilizo chini yake hazina kigawo cha shirika nayo isipokuwa 1? 4 × 6 × 6 × 12 × 640 = 1,105,920. Kila namba tasa umeipunguza moja, na iliyojirudia umezidisha kwa namba tasa yenyewe kwa kila rudio lililobaki. Hili nalipita haraka. Umuhimu wake utauona ukisoma jinsi ujumbe unavyofichwa kwa namba.

Hatua ya 8: Isome kwa mbili

Kompyuta haijui tarakimu kumi, inajua 0 na 1. Tafuta kipeo kikubwa cha 2 kinachoingia: mbili 22 zikizidishana ni 4,194,304. Kinabaki 5,528. Endelea kutoa: 4,096 kinabaki 1,432, 1,024 kinabaki 408, 256 kinabaki 152, 128 kinabaki 24, 16 kinabaki 8, na 8 inamaliza. Andika 1 kwa kila kipeo kilichoingia na 0 kwa kilichorukwa:

10000000001010110011000

Tarakimu 23, na kati yake moja ziko saba. Sifuri tatu za mwisho ni zile mbili tatu tulizotoa katika hatua ya pili. Ukipata idadi tofauti, umekosea mahali.

Hatua ya 9: Ile 2 ya kwenye kisanduku

Hapa namba inarudi kontenani. Kwa utaratibu wa kimataifa unaoitwa ISO 6346, kontena lina herufi nne, tarakimu sita, kisha tarakimu ya saba ya ukaguzi. Hiyo ya saba haichaguliwi. Inahesabiwa kutoka kwa kumi zilizotangulia.

Kila nafasi ina uzito: 1, 2, 4, 8, 16, na kuendelea kwa kuzidisha kwa mbili hadi 512. Unazidisha, unajumlisha, unagawa kwa 11, na baki ndiyo tarakimu ya ukaguzi. Baki ikiwa 10 huandikwa 0, na hicho ndicho kichochoro pekee kwenye tarakimu. Kwa mkono usibebe uzito mkubwa hivyo. Ugawe uzito wenyewe kwa 11 kwanza, ubaki na 1, 2, 4, 8, 5, 10, 9, 7, 3, 6. Umeona? Nafasi kumi, mabaki kumi tofauti, kila namba kutoka 1 hadi 10 mara moja. Kwa kuwa 11 ni tasa na uzito wote ni tofauti, ukikosea tarakimu moja baki inabadilika, na ukibadilisha nafasi za tarakimu mbili tofauti baki inabadilika pia. Lile kosa lililoipita kutupa tisa linanaswa hapa.

Tarakimu sita zetu ziko nafasi ya tano hadi ya kumi:

4 × 5 = 20
1 × 10 = 10
9 × 9 = 81
9 × 7 = 63
8 × 3 = 24
3 × 6 = 18

Jumla 216, ukigawa kwa 11 inabaki 7. Lakini kisanduku kinasema 2. Basi herufi zilizoliwa na kutu lazima zilichangia baki 6, maana 7 + 6 = 13, na 13 inaacha 2. Hatuzioni herufi, ila tunajua zilikuwa na uzito gani.

Herufi nazo zina thamani: A ni 10, B ni 12, C ni 13, na kuendelea hadi Z ambayo ni 38, ukiruka 11, 22 na 33. Herufi ya nne kwa kawaida ni U, yenye thamani 32. 32 × 8 = 256, baki 3. Kwa hiyo herufi tatu za mwenye kontena lazima ziache 3. Michanganyiko inayotimiza hilo bado ni zaidi ya elfu moja, usijidanganye kwamba umepata jina.

Mpwa wangu hakujali. Alichukua daftari akaandika herufi nne alizozifahamu kutoka somo la historia: T, A, N, U. T ni 31, A mara mbili ni 20, N mara nne ni 100, U mara nane ni 256. Jumla 407, ambayo ni 11 × 37, baki 0. Kontena la TANU lenye tarakimu hizi lingekuwa na 7 kwenye kisanduku, si 2.

"Saba," akasema, "kama Saba Saba." Kisha akakumbuka sukari.